Kobe wa pori, kobe-maji na kasa: namna ya kumtambua uliyemwokota kabla hujampeleka popote

Nilikuwa na miaka tisa nilipomuua kobe kwa huruma. Tulimkuta pembeni mwa shamba la kambo wangu (mzazi wa mzazi wangu), upande wa Kipushi. Ilikuwa mwezi wa Septemba, jua linachoma, nyasi zimeshateketea, midomo yetu wenyewe imepasuka kwa kiu. Tukasema maskini huyu anakufa. Tukambeba hadi nyumbani, tukamtumbukiza katika nusu ya pipa waliyokuwa wakinywea mbuzi, tukachuchumaa kumtazama anavyoogelea. Alikuwa anakwaruza bati, kwaruu, kwaruu, nasi tukadhani ndiyo furaha yake. Kambo alipotoka jikoni alipiga kelele: "Juu ya nini muko namutia mu mayi? Ule haiko samaki, ule ni fulwe wa pori!" Akamtoa, akamwinamisha kichwa chini, maji yakamtoka puani na mdomoni. Usiku alinyoosha mguu mmoja. Asubuhi hakunyoosha kitu.

Novemba iliyopita, siku chache baada ya mvua za kwanza, mtoto wa jirani aligonga geti letu hapa Annexe, Lubumbashi, nchini Kongo (DRC), akiwa na ndoo. "Mama, niko na torti." Ndani kulikuwa na kobe wa ukubwa wa sahani ya chai, amefunikwa majani ya lengalenga. Alikuwa amemwokota barabarani na alitaka kumfuga nyuma ya nyumba yao, katika lupango lenye ukuta pande zote nne, amtafutie majani kila asubuhi. Sikumjibu palepale. Tuliiweka ndoo barazani, tukamkagua mnyama pamoja, hatua baada ya hatua. Mwongozo huu unafuata mpangilio ule ule, maana swali ni lile lile kwa kila anayeokota kobe Lubumbashi: huyu ni wa nchi kavu au wa maji? Ukikosea, unamzamisha wa kwanza au unamkausha wa pili.

Kwanza majina, maana hapo ndipo tunapopotea

Shuleni tulifundishwa kwa Kifaransa, na Kifaransa kina neno moja, tortue, kwa wote: wa porini, wa mtoni, wa baharini. Ndiyo maana hapa mjini kila chenye gamba mgongoni ni "torti". Kibemba kinasema fulwe, Kilingala koba, na hadithi tulizosimuliwa za fulwe na kalulu, yaani sungura, hazikujali kama fulwe huyo anajua kuogelea.

Waswahili wa pwani, wanaoishi na bahari, wametenga majina mawili. Kobe ni yule anayetembea nchi kavu. Kasa ni yule wa baharini. Wa tatu, yule wa mito, mabwawa na matope, hana jina moja ambalo watu wote wamekubaliana. Wengine humwita kobe wa maji, na mimi nitaandika kobe-maji.

Waingereza wana maneno matatu: tortoise kwa wa nchi kavu, turtle kwa wa baharini, terrapin kwa wa maji baridi. Lakini usidhani wao wenyewe wanaelewana. Mmarekani anawaita wote turtle, na terrapin kwake ni hasa yule mdogo wa mabwawa ya chumvichumvi ya pwani ya mashariki, kwa sababu neno lenyewe lilitoka kwa wenyeji wa asili wa huko. Mwaustralia ana turtle kila mtoni na terrapin hamjui. Kwa hiyo ukisoma kwenye simu yako kwamba terrapin anakula hivi na anaishi vile, jiulize mwandishi yuko nchi gani, maana huenda mnyama wake hana undugu wa karibu na wa kwako.

Na hili la undugu ndilo lililonishangaza mimi niliyefundishwa kwamba kila jina ni ukoo. Wataalamu wanahesabu aina kama 360 za wanyama hawa duniani. Za baharini ni 7 tu. Za nchi kavu ni kama 50. Waliobaki, yaani walio wengi kuliko wote, ni wa maji baridi, na hao ndio tusiokuwa na jina lao. Tena si familia moja. Kobe-maji wetu wa Katanga ni binamu wa mbali sana: kobe wa pori ana undugu wa karibu zaidi na kasa wa baharini kuliko alionao na huyu anayeishi kwenye bwawa mita mia kutoka kwake. Tutaona sababu tukifika kwenye shingo.

Hatua ya 1: mshike vizuri, umweke chini, unyamaze

Mshike kwa mikono miwili, ubavuni, katikati ya mguu wa mbele na wa nyuma, kama unavyobeba bakuli la supu lililojaa. Usimnyanyue juu zaidi ya goti, maana atapiga mateke na akikuponyoka gamba linapasuka. Usimshike mkia wala mguu. Usimwache amelala chali. Kama ni mtoto anayemshika, mtoto akae chini kwanza.

Kuna jambo watu wengi hawalijui. Kobe wa nchi kavu akiogopa hukojoa, na ule si mkojo wa kawaida tu. Kibofu chake ndilo tangi lake la maji la kiangazi. Mwezi wa Agosti au Septemba, kumnyanyua bila sababu kunaweza kumgharimu akiba ya wiki nyingi. Kama amekumwagia, mpe sinia la maji yenye kina kisichopita kidevu chake, anywe mwenyewe, ndipo umwache aende.

Ukishamweka chini mahali tambarare, kaa mbali kidogo na usubiri dakika kumi. Wa ndoo yetu alikaa amejifunga kama sanduku huku mtoto akiuliza kila dakika kama amekufa. Kisha akatoa kichwa. Namna alivyokitoa ilinipa jibu nusu, lakini nilitaka mtoto afike mwenyewe.

Hatua ya 2: miguu ya nyuma

Ukiwa na dakika moja tu, angalia miguu ya nyuma, acha mengine yote.

Ya kobe wa pori ni kama mchi wa kutwangia, au mguu wa tembo mdogo: ya mviringo, imesimama wima, vidole havionekani, ni kucha tu zinazochomoza ukingoni. Ya mbele ni bapa kidogo na imefunikwa magamba makubwa magumu, kwa sababu ndiyo sepetu yake ya kuchimbia. Akitembea ananyanyua tumbo kutoka ardhini, anakwenda kama mzee aliyebeba gunia la makaa.

Ya kobe-maji ni bapa, ngozi yake laini, vidole unaweza kuvihesabu, na kati ya vidole kuna utando kama wa bata. Kucha zake ni ndefu na kali. Atakukwaruza mkono hadi damu, wala hakukusudia.

Kasa vidole vyake havionekani kabisa. Ana makasia manne.

Shida ni matope. Kobe-maji anayevuka barabara amekauka, ule utando umejikunja, matope yameziba nafasi, na mguu wake ukiutazama kwa haraka unaonekana kama kigutu. Wa ndoo yetu alikuwa hivyo. Tulimmwagia kikombe cha maji, mtoto akamfungua vidole kwa kidole gumba, taratibu, na pale katikati pakatanuka kingozi chembamba cheusi. "Iko na miguu ya bata," akasema. Nikamwambia tuendelee.

Hatua ya 3: gamba, na hapa vitabu vya shule vinadanganya

Kitabu kitakwambia: wa nchi kavu ana gamba la juu kama kuba, wa maji ana gamba bapa ili akate maji. Ni kweli kwa kobe wengi. Ni kweli kwa kobe-chui, yule mkubwa mwenye madoadoa ya Afrika Mashariki na Kusini, na ni kweli kwa majitu ya kisiwa cha Changuu huko Zanzibar, ambao wazee wao waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919. Mtoto wa miaka mitatu hawezi kumkosea kobe kama yule.

Lakini wa miombo yetu hakusoma kitabu hicho. Anayepatikana porini huku kusini mashariki mwa nchi ni yule ambaye kisayansi anaitwa Kinixys spekii, na mgongo wake umelala. Ni mdogo, ukubwa wake haupiti sana sentimita 20, rangi yake ni ya majani makavu. Ukimtazama kwa ubavu, huku umekariri habari ya kuba, utasema huyu ni wa maji. Hivyo ndivyo sisi tulivyomtia pipani.

Basi acha umbo, tafuta bawaba. Wanyama wetu wote wawili, wa pori na wengi wa wale wa maji, wana bawaba katika gamba, ile tunayoiita sharnieri kwenye mlango. Tofauti ni mahali ilipo.

Wa pori, bawaba yake iko mgongoni, katika theluthi ya nyuma. Tazama ukingo wa gamba la juu kutoka ubavuni: utaona mstari unaopanda kama ufa ulionyooka, unakata vigae vya ubavu karibu na mguu wa nyuma. Akitishwa, sehemu ya nyuma ya gamba inashuka kama kifuniko cha sanduku na kuficha miguu ya nyuma na mkia. Watu wengi wakiuona mstari ule wanadhani amekanyagwa na gari. Yuko salama, ndivyo alivyoumbwa.

Kobe-maji wa jamii ya Pelusios, bawaba yake iko tumboni, upande wa mbele. Mgongo wake ni kipande kimoja kigumu. Ukimwinua na kumtazama chini, utaona mstari unaokatiza kifua toka kushoto hadi kulia, na ile sehemu ya mbele inapanda kama daraja la kuvutwa, inafunga kichwa na mikono ndani. Huyo ndiye aliyejifunga kama sanduku barazani kwangu.

Kwa hiyo: mgongoni nyuma, wa pori, tumboni mbele, wa maji. Usitie kidole kwenye bawaba yoyote kuona kama inafunga. Inafunga.

Kuna mitego miwili. Watoto wa Kinixys hawana bawaba. Inajitengeneza kadiri wanavyokua. Kwa hiyo kobe mdogo kama kifuniko cha chupa ya jam asiye na mstari popote, mrudie kwenye miguu. Wa pili ni Pelomedusa, kobe-maji mwingine asiye na bawaba yoyote hata akizeeka, bapa kama chapati, mwenye kichwa kipana. Naye mrudie kwenye miguu. Unaona kwa nini nilisema miguu kwanza.

Mikoa hii ina wenyeji ambao hawapatikani nje ya nchi yetu. Pelusios upembae, kwa mfano, alipewa jina la Upemba na mtaalamu Broadley mwaka 1981. Yuko pia Pelusios nanus, ingawa si wa kwetu peke yetu, mdogo kuliko ndugu zake wote, urefu wake ni kama sentimita 12, unaweza kumfunika kwa kiganja. Kuwatenganisha hawa wote kwa majina ni kazi ya mtu mwenye vitabu na miwani. Wewe unayetaka kujua umpeleke wapi huhitaji kufika huko, wote wanakwenda majini.

Tukiwa bado kwenye gamba: si nyumba anayoingia na kutoka. Ni mbavu zake na uti wake wa mgongo vilivyopanuka na kuungana, juu yake pamefunikwa vigae vya aina ya ukucha. Lina damu na linahisi. Wale wanaotoboa tundu ukingoni ili wamfunge kamba, na nimewaona wengi wakimuuza kandokando ya barabara akiwa ananing'inia hivyo, wanatoboa mfupa ulio hai. Rangi ya mafuta nayo usimpake. Na miduara ile juu ya vigae, watoto wanapenda kuihesabu ili wajue umri. Haitoi umri wa kuaminika, maana mwaka wenye mvua mbili nzuri unaweza kuacha miduara miwili na mwaka mbaya usiache kitu.

Hatua ya 4: shingo

Hapa ndipo binamu wanapoachana. Kobe wa pori akirudisha kichwa, anakirudisha moja kwa moja nyuma, shingo inajikunja ndani kwa umbo la herufi S iliyosimama, na magoti ya mbele yanakutana mbele ya pua kama mlango wa mbao mbili. Kobe-maji wetu hawezi. Anakunja shingo kwa upande, anakilaza kichwa chini ya ukingo wa gamba karibu na bega, kama kuku anayelala. Ukimtazama mbele unaona jicho moja na upande wa shavu.

Wa ndoo yetu alitoa kichwa kwa kukikunjua kutoka ubavuni. Ndiyo maana nilikuwa nimeshajua.

Mgawanyiko huu wa shingo ni wa zamani sana, na ndio wanaoutumia wataalamu kugawa jamii nzima pande mbili kubwa. Upande wa shingo iliyonyooka wako kobe wote wa nchi kavu, kasa wote, na kobe-maji wa Ulaya na wa Marekani Kaskazini. Upande wa shingo ya kukunja kando wako wa kwetu, na jamaa zao wa Amerika Kusini na Australia. Kwa hiyo ukikuta bwawani kobe-maji anayerudisha kichwa moja kwa moja, mwenye doa jekundu nyuma ya jicho, huyo si mwenyeji. Ni yule Mmarekani anayeuzwa duniani kote kwa ajili ya kufugwa kwenye vioo, na mtu amechoka naye akamtupa. Ukiwa naye nyumbani usimwachilie mtoni, anakula na kuzaa bila adabu na kunyang'anya wenyeji mahali pao pa kuota jua.

Hatua ya 5: pua yako

Ukiwa bado na shaka, nusa mikono. Kobe wa pori ananuka majani na udongo. Kobe-maji akikasirika anatoa maji yenye harufu ambayo sabuni moja haiimalizi. Pelomedusa ndiye bingwa. Mtoto alinusa kiganja chake, akakipeleka mbali na uso, na majadiliano yakaisha.

Tazama pia kidevu: kobe-maji wetu wana vindevu viwili vifupi vya nyama. Kobe wa pori kidevu chake ni safi.

Msimu na mahali ulipomkuta ni ushahidi dhaifu kuliko watu wanavyodhani. Mvua za kwanza zinapoanza, wote wawili wanatembea. Kobe wa pori anatoka mafichoni kutafuta uyoga, konokono, jongoo na matunda yaliyoanguka. Akina mama wanaokwenda kuchuma bowa Desemba na Januari wanamjua kwa uyoga ulioumwa pembeni. Kobe-maji naye anahama bwawa hadi bwawa kwa miguu, na ndipo anapoonekana katikati ya lami. Kiangazi, wa pori amejichimbia chini ya majani au mzizi, na wa maji, kama bwawa limekauka, amejizika ndani ya tope lake. Kwa hiyo ukilima bwawa lililokauka ukafukua kobe, usiseme "ni wa nchi kavu kwa kuwa nimemkuta udongoni".

Kasa, kwa ufupi, maana hapa huwezi kumwokota

Nchi yetu ina bahari, ingawa sisi wa Lubumbashi tunasahau. Pwani isiyofika kilomita 50 huko Muanda, zaidi ya kilomita 1,700 kutoka hapa kwa mstari ulionyooka. Kasa wanapanda kutaga kwenye mchanga wa upande ule, akiwemo yule ambaye pwani ya mashariki anaitwa noa, asiye na vigae, ambaye gamba lake ni ngozi ngumu yenye matuta na anaweza kupita kilo 500. Hakuna kasa anayeweza kurudisha kichwa wala makasia ndani ya gamba. Ameuza ulinzi huo akanunua mwendo. Jike anakuja nchi kavu kutaga tu, na dume aliyekwisha ingia baharini siku aliyoanguliwa anaweza asirudi tena. Machozi anayotoa akiwa mchangani, watu wanasema analia uchungu. Ni chumvi: tezi za machoni zinaitoa ile aliyokunywa na maji ya bahari.

Kinachotufikia sisi ni vitu vyake, bangili na vitana vya ng'amba. Usinunue. Biashara ya kasa kuvuka mipaka imekatazwa na mkataba wa CITES, ambao nchi yetu ni mwanachama tangu 1976. Na kama una ndugu pwani, mwambie kuhusu nyama: mara nyingine nyama ya kasa ina sumu ambayo moto wa jiko hauiondoi na ambayo haina dawa. Machi 2024, katika kisiwa cha Panza huko Pemba, watu 9 walikufa baada ya kuila, 8 kati yao watoto.

Hatua ya 6: sasa mpeleke

Kama ni wa pori na umemkuta barabarani, mvushe upande ule ule aliokuwa anaelekea, mita ishirini ndani ya majani, basi. Usimgeuze; atarudi barabarani. Usimpeleke "pori zuri zaidi" la mbali, maana ana eneo lake analolijua, anajua mashimo yake, na ukimhamisha atazunguka akitafuta njia ya kurudi. Kama ametoka katikati ya mji na hujui alikotoka, tafuta miombo ya karibu isiyolimwa, mwachie asubuhi au jioni, kivulini. Usimtie majini. Dimbwi la kina cha vidole viwili anaweza kunywa na kujilowesha humo. Pipa, kisima, au shimo la msingi wa nyumba lenye kuta wima litamuua, hata kama maji ni machache. Mafundi wanaochimba misingi wakati wa mvua, wekeni ubao umelala kwenye kona ili kinachoanguka kipande.

Ukichoma shamba, pita kwanza kwenye marundo ya majani na chini ya magogo, upekue kwa fimbo. Kobe hakimbii moto. Anaingia ndani ya gamba na kungoja, na gamba halizuii moto.

Kama ni wa maji, mpeleke kwenye maji yaliyo karibu zaidi na alipookotwa, yanayotulia au kwenda polepole, yenye matope na majani. Mweke ukingoni, kichwa kikielekea maji, aingie mwenyewe. Usimrushe. Yeye pia anapumua kwa mapafu na anaweza kuzama. Wengi wanakufa wamenaswa katika nyavu usiku, kwa hiyo wavuvi, ukimkuta wavuni anaonekana amekufa, mwinamishe kichwa chini, maji yatoke, mnyooshe shingo, mvute na kumrudisha mikono ya mbele taratibu mara nyingi, kisha mwache kivulini saa kadhaa kabla ya kukata tamaa. Kambo wangu alijua hilo bila shule, ila sisi tulikuwa tumechelewa.

Aliyepasuka gamba: osha kwa maji safi yaliyochemshwa na kupoa, kidogo chumvi, funika na kitambaa safi kikavu kuzuia nzi, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Gundi ya pikipiki usiguse. Kama ni wa maji, kwa muda huo mweke mahali penye unyevu, si ndani ya maji machafu.

Kumfuga? Maoni yangu ni hapana, na sheria iko upande wangu: uhifadhi wa mazingira unasimamiwa na Sheria namba 14/003 ya tarehe 11 Februari 2014, na Kinixys spekii yumo katika orodha ya pili ya CITES, maana yake huwezi kupita naye mpakani Kasumbalesa ndani ya begi bila karatasi. Wengi wanaofugwa mjini wanapewa bukari (ugali) na mkate, magamba yanalainika, wanakufa baada ya miaka miwili, na mwenye nyumba anasema kobe huyu alikuwa mzee.

Mwisho kabisa wa kazi, mikono. Wote, wa pori na wa maji, hubeba vijidudu vya salmonela bila kuugua. Marekani ilipiga marufuku mwaka 1975 kuuza kobe wadogo wa chini ya sentimita 10 kwa sababu watoto walikuwa wanawatia mdomoni. Sabuni na maji, kisha ndoo nayo, na ndoo hiyo isirudi jikoni.

Tulikwenda na mtoto saa kumi na moja jioni hadi kwenye bwawa la nyuma ya matanuri ya matofali, si mbali na pale alipomwokota. Alimweka ukingoni kama nilivyomwonyesha. Kobe alikaa amejifunga muda mrefu, hadi mbu walipoanza. Kisha kichwa kikakunjuka kutoka ubavuni, miguu ya bata ikasukuma tope mara mbili, na maji yakafunga juu yake. Baada ya dakika kadhaa ncha mbili za pua zikatokea katikati ya majani, ndogo kama punje za mtama. Mtoto akazitazama, akaniuliza kama anaweza kuosha ndoo humo humo bwawani, kwa sababu mama yake alikuwa hajui kwamba ameichukua.